Una digrii ya sharia ama fasihi na unataka MBA? Anzia hapa

Wiki hii pekee nimeulizwa mara tatu, ati mtu aliyesoma sharia, ama Kiswahili na dini, ama viumbe vya baharini pale Pwani University, anaweza kuingia MBA, ile digrii ya pili ya biashara? Anaweza. MBA si kama udaktari ambapo lazima uwe umeanzia huko huko, skuli nyingi za biashara kuanzia hapa Kenya mpaka Marekani zataka tu uwe na digrii, ya nini si hoja sana, na Harvard walipoanza MBA yao 1908 walikuwa wanachukua watu wenye digrii za kila namna. Kwa hiyo hilo swali la "digrii yangu itakubalika?" liweke kando. Wao wanajiuliza mambo mawili tu: huyu atamudu hesabu? Na huyu ametoka wapi anaenda wapi?

Mimi nlisoma sharia Khartoum, nikarudi Mombasa nikaingia ofisi ya kuklia mizigo bandarini. Mara ya kwanza nlipoaplai MBA niliificha digrii yangu. Niliitaja mstari mmoja, halafu insha nzima nikajaza uongozi, mikakati, maono, maneno ambayo kila mtu anaandika. Nikakataliwa, na nikisoma ile insha leo naona walikuwa na haki, manake hakukuwa na mtu ndani yake.

Mara ya pili nikaandika kuhusu mirathi. Tazama hesabu hii ambayo kila aliyesoma faraidh, yaani elimu ya kugawanya mirathi, anaijua: mtu amefariki ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni (moja ya nane), mabinti theluthi mbili, baba sudusi (moja ya sita), mama sudusi. Weka zote juu ya 24 upate 3, 16, 4 na 4, jumla yake 27. Yaani mafungu yamezidi mali yenyewe! Mwanafunzi wa faraidh hababaiki, anafanya aul, anagawanya kwa 27 badala ya 24, na mke aliyekuwa apate moja ya nane anapata moja ya tisa, kila mtu kapunguziwa kwa kiwango kile kile. Sasa hiyo ni hesabu ya uwiano ile ile utakayoulizwa kwenye GMAT, mtihani wa kuingilia skuli za biashara, na ndiyo ile ile kampuni ikifilisika na wadai wa daraja moja wanadai zaidi ya kilichobaki.

Nikaeleza siku moja nlipokaa na familia Majengo, karatasi juu ya mkeka, tukigawanya duka la marehemu. Deni hulipwa kwanza kabla mtu hajarithi, kwa hiyo tulianza kuhesabu magunia ya mchele na katoni za sabuni, tukatafuta madaftari ya waliokopeshwa, tukatoa deni la mwenye duka la jumla na kodi ya miezi minne, ndo tukajua duka lina thamani gani. Nikawaambia watu wa skuli nataka kusoma biashara kwa sababu watoto wale walirithi duka ambalo hakuna aliyejua kama linaingiza faida. Safari hii niliitwa intavyu, na dakika kumi za kwanza tulizungumzia duka lile tu.

Nawe tafuta duka lako. Dada aliyesoma fasihi na anawaandikia majina ya leso wafanyabiashara wa Biashara Street, huyo anajua jina gani liliisha siku mbili na lipi lilikaa kwenye rafu mpaka likapauka, na hiyo ni kazi ya soko kabisa, aandike na namba zake: leso ngapi, bei gani, muda gani. Mwalimu wa madrasa aliyepangia karo ya watoto 200 na mishahara ya walimu sita, vivyo hivyo. Usiseme "nilisimamia", sema ulisimamia nini na kilibadilika nini.

Hesabu sasa. Hata ukiwa na hadithi nzuri, kama transkripti yako haina somo hata moja la namba watakuwa na wasiwasi, na ni haki yao. Njia ninayoipenda mimi ni kufanya peipa ya Financial Accounting ya CPA, kozi ya uhasibu, kwa KASNEB, bodi ya mitihani ya Kenya, madarasa ya jioni yapo hapa mjini na ukifaulu una karatasi ya kuonyesha. Ukiwa na uwezo kuna kozi ya mtandaoni ya Harvard inaitwa CORe, ina uhasibu, uchumi na uchambuzi wa data, imetengenezewa watu kama sisi hasa.

Kisha mtihani. Vyuo vyetu vya hapa mara nyingi havitaki GMAT, wanatazama daraja la digrii, na ukiwa na second lower, yaani daraja la pili la chini, wengi watataka na miaka kadhaa ya kazi juu yake. Lakini ukilenga nje jitayarishe. GMAT ya sasa ni masaa mawili na robo, sehemu tatu za dakika 45 kila moja, alama ni 205 mpaka 805. Sehemu ya hesabu haina kalkuleta, ila jiometri wameitoa. GRE, mtihani mwingine ambao skuli nyingi zinaukubali badala ya GMAT, inachukua chini kidogo ya masaa mawili, kalkuleta ipo kwenye skrini lakini jiometri ipo na msamiati wa Kiingereza ni mgumu kwelikweli. Kwa mtu aliyesoma kwa Kiarabu mimi namshauri GMAT, manake maswali ya kurekebisha sarufi hayapo tena, kumebaki ufahamu na hoja, na hoja ndiyo kazi tuliyofundishwa kwenye usuli, misingi ya sharia: illa, yaani sababu ya hukumu, ni nini, je qiyas hii, yaani ulinganisho, inasimama, ni kitu gani amekichukulia tu bila kukisema. Wallahi nlipoona maswali yale mara ya kwanza nilihisi niko darasani Khartoum. Matokeo ya mitihani yote miwili yanadumu miaka mitano, kwa hiyo fanya mapema hata kama hujaamua skuli.

Unaweza kuufanyia nyumbani kwa laptopu, lakini fikiria nyumba yako. Hatakiwi mtu yeyote kuingia chumbani, hata mtoto kuchungulia ni tatizo, na stima ikikatika katikati umeingia hasara ya zaidi ya dola 200. Mimi nilipanda SGR Miritini jana yake nikalala Nairobi, nikaufanyia senta.

Makaratasi ndiyo yanayochelewesha watu kuliko kitu chochote, hapa nataka unisikilize vizuri. Transkripti ya Kiarabu itafsiriwe na mfasiri anayetambulika, si binamu yako anayejua Kiarabu. Ukiaplai hapa Kenya na digrii ni ya nje, kiulize chuo chenyewe wanataka barua ya CUE (tume ya vyuo vikuu) ama ya KNQA (mamlaka ya kutambua vyeti) kabla hujalipa mahali. Kama digrii ilikuwa ya Kiarabu utaombwa IELTS ama TOEFL, mitihani ya Kiingereza, na hizo zinadumu miaka miwili tu, usizifanye mapema mno. Na wenzangu wa Sudan, tangu vita vilipoanza Aprili 2023 najua jinsi ilivyo kazi kupata karatasi, usingoje, waandikie watu wa admisheni leo uwaeleze hali, watumie nakala ulizonazo uulize watakubali nini badala yake.

Barua za mapendekezo, mchukue bosi aliyekuona ukifanya kazi, si mheshimiwa ambaye baba yako anamjua. Mpe mwezi mzima na umkumbushe mambo mawili matatu uliyoyafanya.

Pesa. Wengi wetu huku hatutaki mkopo wa riba, na usione haya kusema hivyo, itakubidi tu utafute skolashipu mapema zaidi ya wenzako. Chevening ya Uingereza inataka masaa 2,800 ya kazi, karibu miaka miwili, inalipia masters ya mwaka mmoja na unarudi nyumbani angalau miaka miwili, lakini kwa MBA wana kikomo cha karo wanachotoa kwa hiyo piga hesabu ya kinachobaki kabla hujachagua skuli. Fomu zake huwa zinafungwa mnamo Oktoba, na skuli nyingi za Marekani raundi ya kwanza ni Septemba, ya pili Januari. Rudi nyuma miezi kumi na miwili kutoka hapo, na barua ya kwanza kuandika iwe ya kuomba transkripti.