Somo: Kuandaa kichocheo cha kuondoa salfa kwenye dizeli

Wakuu, salaam. Salfa ikigoma kutoka, wengi hukimbilia kuongeza joto au kanieneo la haidrojeni. Mimi huuliza kwanza kichocheo kiliandaliwaje. Unaweza kuwa na kobalti ileile, molibdenamu ileile na alumina (oksidi ya alumini inayobeba metali hizo) ileile, kwa vipimo vilevile, ukapata vichocheo viwili vyenye nguvu tofauti kabisa.

Kazi hufanyika kwenye kingo za vipande vidogo sana vya MoS2 (salfaidi ya molibdenamu, yaani molibdenamu iliyoungana na salfa), pale ambapo atomu za kobalti zimekaa ukingoni. Henrik Topsøe na wenzake huko Denmark ndio walioonyesha jambo hili, na mpangilio huo huitwa Co-Mo-S (kobalti, molibdenamu, salfa). Kobalti ikijikusanya peke yake huwa Co9S8, ikizama ndani ya alumina huwa CoAl2O4, na kote huko haikusaidii. Kwa hiyo somo zima ni namna ya kuifikisha kobalti ukingoni.

Hatua ya 1: Pima vitundu vya alumina. Kausha alumina ya aina ya gama, kisha idondoshee maji yaliyokenekwa huku ukikoroga hadi ianze tu kung'aa unyevu. Tuseme gramu moja imemeza mililita 0.6, gramu 10 zitahitaji mililita 6 za myeyusho, basi. Ukizidisha, chumvi hubaki nje ya punje na kuganda kwa mafungu.

Hatua ya 2: Molibdenamu kwanza. Kwa gramu 10 za alumina, yeyusha takribani gramu 2.24 za amoniamu heptamolibdeti (chumvi yenye molibdenamu) kwenye hizo mililita 6. Pasha moto kidogo, maana myeyusho huo ni mzito. Lowesha, acha saa kadhaa, kausha kwa nyuzi 110 hadi 120 usiku kucha, kisha choma kwa nyuzi 450 hadi 500. Utapata kama asilimia 15 ya MoO3 (oksidi ya molibdenamu) kwenye kichocheo kilichokamilika.

Kwa nini isianze kobalti? Kwa sababu ukiitia na kuichoma peke yake juu ya alumina, sehemu yake huzama humo na hairudi.

Hatua ya 3: Kobalti pamoja na asidi ya sitriki. Hapa ndipo penye siri, msiparuke. Pima upya vitundu, kwani sasa vimepungua. Yeyusha gramu 1.42 za naitreti ya kobalti (yenye molekuli sita za maji) na gramu 0.94 za asidi ya sitriki kavu, yaani moli moja kwa moli moja. Uwiano wa Co/(Co+Mo) utakuwa karibu 0.28, jirani na 0.3 inayopendwa na wengi.

Kobalti ikiwa huru hugeuka salfaidi mapema, kwenye joto dogo, kabla molibdenamu haijatengeneza vipande vyake. Inafika mapema mno, kingo hazipo, inaishia kuwa Co9S8. Asidi ya sitriki huishikilia kobalti mpaka joto lipande na kingo ziwepo. NTA na EDTA, kemikali nyingine zinazoshika metali, hufanya kazi hiyohiyo.

Kausha kwa nyuzi 110. Usichome tena. Ukichoma, asidi inaungua na faida yake inaondoka nayo.

Hatua ya 4: Kutia salfa. Pitisha haidrojeni yenye H2S (gesi ya haidrojeni salfaidi) asilimia 10 hivi, panda nyuzi 2 hadi 5 kwa dakika mpaka 400, kaa hapo saa mbili. Usitangulize haidrojeni tupu kwenye joto kali: molibdenamu itapunguzwa oksijeni kabla ya kuona salfa, na baadaye ni vigumu kuirekebisha.

H2S inaua. Usitegemee pua, maana kiwango kikipanda pua hufa ganzi. Fanya ndani ya kabati la kunyonya hewa chafu, weka kengele ya gesi, na gesi inayotoka ipite kwenye myeyusho wa magadi makali (sodiamu haidroksidi). Vumbi la kobalti nalo ni sumu.

MASWALI YA WANACHAMA

Punje zangu zimetoka bluu iliyokolea. Nimekosea wapi?
Kobalti imeingia ndani ya alumina; hiyo ni rangi ya CoAl2O4. Mara nyingi chanzo ni kuchoma kwa joto kali mno. Hizo usizipe salfa, anza upya.

Mkuu, naweza kuweka nikeli badala ya kobalti?
Ndiyo, kwa utaratibu huohuo. NiMo (kichocheo cha nikeli na molibdenamu) ni hodari wa kuongeza haidrojeni kwenye pete za molekuli, lakini hula haidrojeni zaidi.

Nilitoa sampuli hewani baada ya hatua ya 4, nikaipima kesho yake. Kuna shida?
Ipo. Kingo huanza kushika oksijeni. Ihamishe chini ya naitrojeni, au itie salfa ndani ya chombo kilekile utakachopimia.

Kwenye dibenzothiofeni (molekuli yenye salfa ninayojaribia) kichocheo changu kinafanya vizuri, ila dizeli halisi haishuki kufikia ppm 10 (sehemu 10 za salfa kwa milioni) zinazotakiwa Ulaya. Kwa nini?
Dizeli ina 4,6-dimethili dibenzothiofeni. Vikundi viwili vya methili vinaiziba salfa isifike kwenye kichocheo, hivyo pete lazima ipewe haidrojeni kwanza ndipo ijikunje. Jaribu NiMo. Pia angalia mazao ya jaribio lako la kwanza: bifenili (zao la kung'oa salfa bila kugusa pete) ikiwa nyingi kuliko sikloheksilibenzini (zao la pete iliyopewa haidrojeni), kichocheo chako kinang'oa salfa moja kwa moja, na njia hiyo ndiyo inayokwama kwenye molekuli hizi.