Somo: sabuni ya maji yenye uzito kwa maji ya kisima cha Lamu

Kinachoharibu sabuni nyingi hapa kwetu ni chumvi, na si ile ya pakiti: imo kisimani tayari. Ukifuata kipimo cha bara bila kuonja maji yako, sabuni itashika uzito kidogo kisha irudi kuwa maji.

Kwa lita 10 tafuta ungarol (malighafi nzito ya sabuni, ndiyo inayotoa povu na kusafisha) kilo 1, chumvi gramu 300 na maji ya mvua kutoka jabia, yaani birika la kuhifadhia maji. Ya kisima yatumike tu kama huonji chumvi.

1. Koroga ungarol ndani ya ndoo, polepole, mpaka iwe nyeupe. Ongeza maji kikombe kimoja kimoja. Ukiyamwaga yote, ungarol ya asilimia 70 (sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji) hupita kwanza kwenye hali ya jeli ngumu, na madonge yake yatakuchosha nusu siku.

2. Yeyusha chumvi yote kwenye lita 1 ya maji. Tia mililita 100, koroga, ngoja dakika 5, ndipo utie nyingine. Simama ikishakuwa nzito, hata kama maji ya chumvi yamebaki.

Molekuli ya ungarol ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, basi hujikusanya vidonge vidogo, mikia ndani. Vichwa vina chaji hasi na husukumana. Chumvi huutuliza msukumano huo, vidonge vikarefuka kama minyoo na kusokotana: huo ndio uzito. Ukizidisha chumvi, minyoo huungana kwa matawi, msokotano ukalegea.

3. Ukiwa na shaka, jaribu kwenye glasi: tone chache za maji ya chumvi. Ikizidi uzito, endelea. Ikiwa nyepesi, umeshapita kilele. Ongeza ungarol na maji ya jabia, usiongeze chumvi.

4. Rangi na manukato mwisho. Manukato nayo hubadilisha uzito, kwa hiyo bakisha chumvi kidogo ya kurekebisha.

Maswali (kila muulizaji ametajwa kwa mtaa au kijiji chake cha Lamu)

*Langoni: Maalim, nikitumia CMC, ule unga wa kuongeza uzito, badala ya chumvi?*
Inafaa, gramu 50 kwa lita 10. Ichanganye na gliserini kwanza isifanye madonge, kisha uiloweke usiku kucha kwenye maji ya jabia. CMC ni polima, nyuzi ndefu zinazojinyoosha majini. Kwenye maji ya chumvi hujikunja, uzito ukapungua. Usisahau dawa ya kuhifadhi: bakteria huzikata nyuzi hizo, sabuni ikalainika na kunuka.

*Shela: Yangu nzito kama asali, wateja wanasema haitoi mafuta.*
Bi, uzito si usafi. Maji matupu yana mvutano wa uso, yaani nguvu inayoukaza uso wa maji, wa karibu 72 mN/m (milinewtoni kwa mita). Ungarol huushusha hadi thelathini na kitu, CMC haiushushi kiasi hicho. Hesabu matone ya mililita 2 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maji kwanza, kisha sabuni kijiko kimoja kwenye lita 1 ya maji. Matone ya sabuni huwa madogo, kwa hiyo idadi inafaa ikaribie mara mbili. Isipokaribia, ungarol ni haba.

*Matondoni: Mbona sabuni ya mche huacha utando mweupe kwa maji yetu, na hii haiachi?*
Kalsiamu na magnesiamu za kisimani huigandisha sabuni ya mche. Ungarol huzivumilia zaidi.

*Mkomani: Adhuhuri ilikuwa nyepesi nikaongeza chumvi, alfajiri nimekuta imeganda.*
Joto hulegeza. Kagua uzito sabuni ikishapoa na povu limetulia.