Pima betri kabla haijakuacha njiani

Betri ya gari ikishafika miaka 3 au 4, usingoje ikuzimikie. Chukua multimita (kipimo cha umeme), pima asubuhi kabla hujawasha gari: betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.0, chaji imekaribia kwisha. Ila namba hiyo peke yake hudanganya. Betri chakavu inaweza kuonyesha 12.5 ikiwa imetulia, kisha ikalegea pale stata (mota ya kuwashia injini) inapovuta. Kwa hiyo mwombe mtu apige stata huku wewe ukitazama mita. Ikiporomoka chini ya 9.6 ilhali ilikuwa imejaa, hiyo imechoka, badilisha.

Injini ikinguruma, magari mengi husoma kati ya 13.7 na 14.7. Ikiwa pungufu, kagua kwanza altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, na mkanda wake. Inauma kuona mtu ananunua betri mpya bure.

Ukibadilisha, zima gari, fungua waya wa hasi kwanza, kisha chanya. Kufunga ni kinyume chake. Spana ikiwa kwenye chanya na ikagusa bodi kabla hasi haijatolewa, cheche zake ni za hatari kweli.