Kwenda Kilwa kwa basi kutoka Dar, ukiijua barabara yenyewe

Anayetaka kwenda Kilwa aamkie Mbagala Rangi Tatu alfajiri, sio lazima uhangaike mjini kati, mabasi ya kusini yanapita hapo. Ila kabla hujalipa muulize konda, linaishia Kilwa Masoko, mjini kwenyewe, au linanyoosha Lindi? Maana la Lindi na Mtwara litakushusha Nangurukuru njia panda na hapo bado kama kilomita 30 ufike Masoko, ukishushwa usiku na mizigo utajua hujui.

Siti kaa upande wa dereva. Asubuhi mnaelekea kusini jua liko kushoto, mkirudi jioni limeshahamia magharibi ambako ni kushoto tena, yaani upande uleule unakuokoa kwenda na kurudi, watu wanagombania dirisha tu afu wanaungua.

Vikindu, Mkuranga mpaka Kibiti we lala tu. Ikwiriri amka, maana mbele kidogo ndo Daraja la Mkapa, linakaribia kilomita nzima juu ya Rufiji. Lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo magari yote yalikuwa yanasubiri pantoni pale Ndundu, mto ukichafuka mnalala hapohapo na mbu wenu. Na daraja halikumaliza tabu bwana, kuanzia Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60 tu, lami ilichelewa miaka mingine mingi, mnavuka daraja la kisasa mnashukia kwenye tope, malori yamezama na abiria wote chini wanasukuma. Saa hizi lami ipo ila maji bado ndo bosi wa hii njia, Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara huku Kilwa, mawasiliano ya Dar na kusini yakakatika. Kwahiyo Machi mpaka Mei piga simu kwanza kwa mtu aliyeko huko, usimsikilize mpiga debe, yeye kwake njia ni nzuri siku zote.

Somanga andaa hela ndogondogo, samaki wa kukaanga wanaletwa dirishani na basi halikai, ukitoa elfu kumi chenji utaiona inakimbia na basi nje huko.

Kama lengo ni magofu ya Kilwa Kisiwani (urithi wa dunia tangu 1981), ukifika Masoko pitia kwanza ofisi inayosimamia magofu ukate kibali ndo ushuke bandarini, nahodha akikwambia twende tu tutamalizana hukohuko, tafuta mwingine.