Jinsi ya kusafisha maji taka ya nyumbani kwa matete kabla hayajafika kwenye matumbawe

Kama unaishi kisiwani na chini ya nyumba ni jiwe la matumbawe, ujue maji ya chooni hayabaki hapo ulipoyamwaga. Lile jiwe lina matundu na nyufa kila mahali, maji yanapita mbio bila kuchujika, yanaingia kisimani, yanatokea baharini na naitrojeni na fosfora zake, na kwa mwani hiyo ni mbolea kabisa, unastawi unafunika matumbawe mpaka yanakosa mwanga yanakufa. Kule Kaneohe Bay, Hawaii, walikuwa wanamwaga maji taka ndani ya ghuba, mwaka 1977 na 1978 wakayahamishia nje kwenye kina kirefu, mwani ukapungua na matumbawe yakaanza kurudi. Kwa hiyo shimo lisilo na sakafu usichimbe, hata fundi akikwambia ndo rahisi.

Anza na karo, yaani tangi la kupokea maji taka, liwe la vyumba viwili na lisilovuja, plasta mpaka chini. Chumba cha kwanza kichukue kama theluthi mbili, humo uchafu mzito unazama na mafuta yanaelea. Kwenye bomba la kutokea funga tii, kile kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, ili yatoke maji ya katikati tu. Weka na bomba la hewa. Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye kichemba cha kunasa mafuta, manake mafuta yakifika mbele ni balaa.

Sasa hapo ndo wengi wanaishia, na mi naomba usiishie hapo jamani! Maji yanayotoka karoni bado yana vijidudu na naitrojeni karibu yote. Yapeleke kwenye kitanda cha matete: chimba kina cha kama sm 60, tandika plastiki nzito isiyopitisha maji, upande wa kuingilia na wa kutokea weka mawe makubwa, katikati jaza kokoto za mm 10 hadi 20 zilizooshwa. Kuosha usiruke, lile vumbi jeupe ndo linaziba kitanda. Ukiwa na nafasi kadiria mita 5 za mraba kwa kila mtu. Panda matete au mafunjo. Maji yasionekane juu, yakae sm 5 hadi 10 chini ya kokoto, we fukua kwa mkono, vidole vikizama ndo viguse maji, hapo sawa. Yakituama juu mbu wanazaliana na harufu inaanza, shusha bomba la kutokea kidogo.

Yakitoka hapo usiyaelekeze ufukweni, hata kama yanaonekana meupe kama ya mvua, mbolea bado imo. Mwagilia migomba au miti, kwenye mashina sio majani, na mboga za kuliwa mbichi achana nazo.

Kila mwaka pima karo. Chukua mti mrefu, uviringishe kitambaa cheupe sehemu ya chini, uzamishe taratibu mpaka sakafuni, subiri dakika chache ndo uutoe, pale kitambaa kilipokuwa cheusi tii ndo urefu wa tope. Likifika theluthi ya kina ita gari la kunyonya, usiingie mwenyewe humo ndani, gesi yake inaua. Na kabla hujalipa muulize dereva anaenda kumwaga wapi, akisema kwenye mikoko mwambie arudi na gari lake tupu.