Kubadili injini na rangi kwenye kadi ya gari: namba ya chesisi iliyozikwa na puti ilivyonitesa Mbeya

Wakuu salama. Juzi nimechukua kadi mpya ya gari, injini mpya imesoma, rangi mpya imesoma, na kabla hasira hazijapoa naandika hapa ili mwingine asipite nilikopita mimi. Kazi niliyodhani ni ya siku nne imenila wiki saba.

Gari ni Datsun 240Z ya 1972, lilikuwa la baba mdogo, limelala Uyole chini ya mparachichi miaka na miaka kuku wanatagia kwenye buti. Wazee wa Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, wanaijua 240Z, aina hii ndiyo iliyoshinda 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikarudia tena 1973 na Shekhar Mehta. Kwa hiyo ndio, najua, nimetoa injini ya historia nikaweka 1JZ, injini ya Toyota Mark II, msinitukane. L24, ile injini yake ya asili, ilikuwa imechoka, kabureta mbili zinazobishana zenyewe kwa zenyewe, na huku tuko mita kama 1,700 juu, hewa nyepesi, gari lililosetiwa pwani likifika Mbeya linakunywa mafuta tu na kwenye Mlima Nyoka linaomba poo. Ningeweza kuisuka upya ila spea ningezitoa wapi, wakati za 1JZ hata fundi wa Mbalizi anazo.

Kwenye bodi nimepanua madigadi kwa bati, bampa la mbele la faiba, rangi imetoka njano imekuwa kijani. Sasa sio vyote hivyo vinaingia kwenye kadi. Kwangu vilivyobadilika ni namba ya injini, ukubwa wa injini (2393 cc imekuwa 2492 cc) na rangi, basi. Silinda zilikuwa sita zimebaki sita, petroli imebaki petroli, milango miwili ileile. Ungekuwa umekata paa au umeligeuza pikapu hapo na aina ya bodi ingebadilika.

Kama kadi ina jina la mtu mwingine, fanya uhamisho wa umiliki kwanza, hiyo mnaijua siielezi. Usije ukachanganya vyote siku moja ukadhani unaokoa muda.

Haya, karatasi za injini. Hizi ziwe mkononi KABLA injini haijapandishwa kwenye lori kuja huku. Mimi nilinunua Dar, nikapewa risiti ya mkono imeandikwa "injini 1 na giaboksi yake", nikakunja nikaweka mfukoni nikiwa na furaha zangu. Risiti haina namba ya injini, haina jina langu kamili, haina chochote kinachoonyesha kile chuma kiliingiaje nchini. Mbele ya mkaguzi ile ni karatasi ya kufungia vitumbua. Nikapanda basi kurudi Dar, Kitonga tukakaa saa tatu nyuma ya lori lililokatika propela, nafika dukani muuzaji ananiangalia, "we si uliondoka nayo, unataka nini tena?" Unachotaka ni hiki: risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) yenye majina yako kama yalivyo kwenye kitambulisho, TIN yako (namba ya mlipakodi), namba ya injini yote bila kufupisha, na kopi ya nyaraka za forodha za mzigo ule. Na kabla hujalipa, inama na tochi uisome mwenyewe ile namba kwenye bloku, ipige picha, ulinganishe na risiti herufi kwa herufi. Injini ikishakaa ndani ya gari hiyo namba utaitafuta kwa kioo cha kunyolea ndevu.

Sasa tuje kwenye kilichoniua kabisa. Namba ya chesisi.

Kwenye haya magari namba imegongwa kwenye ule ukuta kati ya injini na dashibodi, ukifungua boneti unaiona. Sasa fundi bodi wangu ni msafi kupita kiasi, alipiga msasa, akapaka puti, akapiga praima, kijani mikono mitatu, ule ukuta ukang'aa kama sahani ya harusi. Nimefika kwa ukaguzi, afande kafungua boneti, kaangalia huku, kaangalia kule, kapapasa kwa kidole. "Namba iko wapi?" Nikamwonyesha kibati chenye namba kilichobandikwa kwenye gari. Akasema kibati kina riveti, kinatoka gari hili kinahamia lile, yeye anataka iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Na kusema kweli hapo alikuwa sahihi. Nikampigia fundi. Akanijibu kwa fahari kabisa, "Bosi pale palikuwa na makovukovu, nimepalainisha."

Makovukovu.

Fundi akataka aje na grenda. Afande alimsikia kwenye spika akasema taratibu tu, ukigusa pale na grenda usirudi kama mteja, tutakuwa na maongezi mengine. Na mkuu ukikumbuka kitu kimoja tu kwenye huu uzi kumbuka hicho, wala brashi ya waya ya mashine usiweke, namba iliyokwanguliwa haina tofauti na namba ya gari la wizi. Tulitumia dawa ya kutolea rangi, kijiti cha mti na mswaki. Unapaka, unasubiri, rangi inavimba kama ngozi ya maziwa, unaikokota kwa kijiti, unapaka tena. Nikakaa pale mchana mzima wa Julai, baridi ya Mbeya inapenya mpaka kwenye mifupa, ikatoka H, ikatoka S, halafu 3 ambayo kwa dakika kumi niliapa ni 8. Ilipotoka yote nikaweka karatasi juu nikasugua kwa penseli, namba ikajichora yenyewe, ile karatasi nimeitunza. Ninyi fanyeni hivyo kabla gari halijaenda kwa fundi bodi, alafu mwambie abandike selotepu pale na umsimamie, rangi ya pale ipigwe nyembamba, puti marufuku.

Kosa la kwangu binafsi: kwenye fomu niliandika HLS30 kwa sababu niliiona mtandaoni. HLS ni la usukani wa kushoto, letu la kulia ni HS30. Herufi moja, fomu ikarudi. Andika unachokiona kwenye chuma.

Ukaguzi wenyewe ukiwa umejipanga hauna shida. Breki, taa, usukani, na kwa sababu ya madigadi akaangalia sana kama tairi zimetokeza nje na kama zinagusa ukikata kona. Akalinganisha namba zote mbili na karatasi, nikapewa ripoti. Isome palepale kabla hujatoka, mimi rangi yangu ilikuwa imeandikwa "bluu" ikabidi irekebishwe.

Kutoka hapo ni TRA, mamlaka ya mapato: fomu ya kubadili taarifa za gari, kadi halisi sio kopi, kitambulisho, TIN, ripoti ya ukaguzi, karatasi za injini. Kopi toa siku moja kabla, mimi nilitegemea steshenari ya jirani, mashine inameza karatasi na dada anaendelea kula karanga. Ukikubaliwa unapewa control number (namba ya malipo), kiasi kimeandikwa hapohapo, unalipa kwa simu au benki. Yule kaka wa mlangoni mwenye bahasha na simu mbili anayesema "kwangu leoleo inatoka" msalimie, endelea kutembea. Kwenye foleni nilikaa na mzee wa Tukuyu aliyekuja na mambo ya trekta, alivyosikia 240Z akasahau trekta, tukaongelea Shekhar Mehta mpaka zamu yangu ikataka kupita.

Watu wameniuliza kama cc zikiongezeka nalipa zaidi kila mwaka. Ile ada ya mwaka iliyokuwa inapangwa kwa cc ilifutwa 2017, siku hizi unailipia kwenye mafuta.

Kadi ikitoka peleka kopi kwenye bima wiki hiyohiyo. Ukigonga na injini ambayo bima hawaijui, usishangae wakikuuliza unadai gari lipi.

L24 bado ipo uani imefunikwa turubai. Jana jirani kaja kuinunua ya mashine ya kukoboa, tumekubaliana bei, nikamwambia subiri kaka, nikaingia ndani nikachukua tochi.