Ndugu yuko lokapu: namna ya kumwekea dhamana Mtwara na Lindi

Ukipigiwa simu kwamba kijana wenu amekamatwa, usianze kutafuta hela. Tafuta mdhamini. Familia nyingi hufanya kinyume: wanauza mbuzi, wanafika kituoni na laki mbili bila karatasi hata moja, na kijana anabaki ndani. Dhamana ya polisi hailipiwi. Anayemtoa mtu ni mdhamini anayejulikana anapoishi na mwenye karatasi za kuthibitisha hilo.

Neno linalowatisha watu bure ni bondi. Hati ya dhamana ikiandikwa shilingi 1,000,000, hakuna anayetoa milioni siku hiyo. Mdhamini anasaini ahadi kwamba mshtakiwa akitoroka, yeye ndiye atakayedaiwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "leteni nusu ya bondi tumalize", ujue hiyo si dhamana. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanapokea taarifa bure kwa namba 113.

Ukifika kaunta, uliza mambo matatu na uyaandike: anatuhumiwa kosa gani, mpelelezi ni nani, na jalada ni namba ngapi. Uliza pia aliingia mahabusu saa ngapi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema aliyekamatwa bila hati ya kumkamata, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana zito. Ukiijua saa ya kuingia, una cha kusemea. Ukiambiwa "subiri afande wa jalada aje", subiri kwa kiasi, kisha omba kumwona mkuu wa kituo (OCS). Akikataa, uliza sababu, halafu panda kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD).

Kinachokwamisha wengi ni karatasi za mdhamini. Awe na kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura, picha mbili za paspoti, na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji au mtaa, yenye muhuri, tarehe na jina la mtu anayedhaminiwa. Barua isiyo na muhuri wataikataa, hata kama mtendaji mwenyewe amesimama mlangoni.

Kisha majina. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na jina la utotoni, jina alilopewa jandoni na jina la NIDA, na kijijini wote wanamjua kwa la kati. Mtendaji akiandika hilo la kati, kaunta itasema ni watu wawili tofauti. Mpe mtendaji kitambulisho mkononi, anakili herufi kwa herufi, na usome barua hapo hapo kabla hajaipiga muhuri. Hayo ni ya dakika tano. Ukiyaruka, kama unatoka kijiji cha ndani Liwale au Nanyumbu, unarudi kesho kwa nauli nyingine.

Msimu wa korosho nao una shida yake: mtendaji anaweza kushinda mnadani au kwenye chama cha msingi. Mpigie kabla ya kutoka nyumbani. Na epuka Ijumaa mchana kama njia ipo, maana mahakama hufunga hadi Jumatatu. Kituo hakifungi wikiendi, kwa hiyo dhamana ya polisi idai hata Jumapili.

Kesi ikifika mahakamani, hakimu ndiye anayeweka masharti. Mara nyingi anataka wadhamini wawili, mmoja wao mtumishi wa umma, basi aje na kitambulisho cha kazi na barua ya mwajiri. Wakati mwingine anadai hati ya mali isiyohamishika. Hati ya kimila ya shamba jaribuni kuiwasilisha, ila ulizeni karani mapema kama itapokelewa, na jina la kwenye hati liwe la mdhamini mwenyewe, si la marehemu baba yake. Kesi ya fedha au mali ya thamani kubwa ina sharti lake: nusu ya thamani iwekwe kwa fedha taslimu au mali, inayobaki isainiwe bondi.

Mwanamke kuwa mdhamini hakuna sheria inayomzuia. Akikataliwa kwa sababu hiyo, omba aliyekataa ataje kifungu.

Yapo makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na mengine. Hata kwa kosa lenye dhamana, aliyewahi kupewa dhamana na mahakama akaikimbia anaweza kunyimwa, vilevile aliyewahi kufungwa zaidi ya miaka mitatu. Semeni ukweli huo kwa wakili au msaidizi wa kisheria mapema, maana mwendesha mashtaka atausema tu. Masharti yakiwa mazito kupita kiasi, Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara inaweza kuombwa iyapunguze. Msilale huku mtu yuko gereza la Lilungu.

Mtuhumiwa akiwa chini ya miaka 18, taja umri wake mwanzoni kabisa. Peleka cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na mwite afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ukisubiri mpaka hati ya mashtaka imeandikwa miaka 19, kazi ya kuirekebisha ni kubwa.

Akitoka, piga picha karatasi ya dhamana kwa simu. Tarehe ya kuripoti ni tarehe, hata kama bado hajashtakiwa. Wengi hudhani kesi imekufa kwa sababu mpelelezi yuko kimya miezi miwili, wanaacha kwenda, na ghafla wanatafutwa kama watoro. Akitoroka kweli, mahakama itamwita mdhamini aeleze kwa nini asilipe bondi. Asipolipa, mali yake inaweza kukamatwa na kuuzwa, na asipokuwa na mali anaweza kufungwa.

Mdhamini akianza kuona dalili, simu haipatikani au mtu anasema anakwenda Msumbiji kibarua, asikae kimya. Aende mahakamani na barua ya kuomba ajitoe. Hati ya kumkamata mshtakiwa itatolewa, atafute mdhamini mwingine. Kumwambia mshtakiwa kwa maneno au kwa meseji hakumvui mdhamini kitu: mpaka hakimu aandike, jina lake bado limo kwenye bondi.